Sekunde Arobaini na Moja za Wakio

Jumatatu ya pili ya mwezi wa Julai, saa mbili kasorobo asubuhi, Peris alipanda ngazi za jengo lililo nyuma ya steji ya Voi, chupa ya chai mkono mmoja na funguo za ofisi mkono wa pili. Chini kulikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na vibarua walikuwa wakishusha mabati kutoka kwenye lori kwa kelele za kutosha kuamsha mji mzima. Ghorofa ya kwanza ilikuwa ofisi ya Mradi wa Sauti za Vilima. Kufuli ilikuwa vilevile alivyoiacha Ijumaa. Alipoufungua mlango alimkuta mwanamke ameketi kwenye benchi la wageni, mashavu yamejaa maji.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitano hivi, amejifunga leso mbili zilizopauka, miguu mitupu yenye vumbi jekundu. Peris alimsalimu kwa Kidawida, lugha ya Wataita. Mwanamke akaitikia kwa kichwa. Peris aliweka chai mezani, akafungua madirisha, akawasha kompyuta, kisha akamwuliza kama kuna mtu anayemngoja. Mwanamke alinyoosha kidole kwenye hedifoni zilizoning'inia juu ya meza ya Peris.

Hapo ndipo Peris alipomtambua, kwa pumzi. Ilikuwa pumzi ya puani, yenye kukwama kidogo kila inapoingia, na Peris alikuwa ameisikiliza kwa siku kumi na moja mfululizo mwezi wa Februari. Huyu alikuwa Wakio, wa kanda namba 212, mkazi wa Mbololo, aliyefariki mwaka 1989. Alikuwa amekuja na umri wa siku aliyorekodiwa. Peris alimsogezea kiti chenye mto, kwa sababu lile benchi lilikuwa na msumari.

Inafaa ielezwe kazi ya ofisi hii, maana wengi wa Voi walidhani ni saiba ya intaneti. Mwaka 1976 mtafiti mmoja wa kigeni alizunguka vilima vya Taita na kinasa sauti begani, akarekodi wanawake mia sita na zaidi. Kanda zake zilibaki kwenye sanduku la bati katika nyumba ya msaidizi wake kule Wundanyi, zikakaa salama miaka arobaini na minne bila mchwa kuzigusa. Kisha chuo kikuu kimoja cha ng'ambo kikaanzisha Mradi ili sauti hizo ziwekwe kwenye mtandao, wasomi na wanafunzi wa dunia nzima wazisikilize. Peris aliajiriwa kusikiliza na kuandika. Munir, kijana wa Kiislamu aliyezaliwa Voi kwa wazazi wa Lamu, aliajiriwa kusafisha sauti kwa programu maalumu: kutoa mvumo wa upepo, mbwa, jogoo, mikwaruzo ya kanda. Baada ya hapo faili lilipakiwa, likaenda zake ng'ambo.

Peris aliandika katika safu tatu. Ya kwanza Kidawida, ya pili Kiswahili, ya tatu aina ya sauti. Aina hiyo haikuandikwa kwa mkono. Ilichaguliwa kwenye orodha iliyotungwa na watu ambao hawajawahi kufika hata Mombasa. Orodha ilikuwa hivi: Hotuba, Wimbo, Sala, Hadithi, Kicheko, Kelele, Nyingine. Hivyo ndivyo vitu saba ambavyo mdomo wa mtu wa Taita uliruhusiwa kufanya.

Katika kanda namba 212, Wakio alizungumza kwa dakika kumi na tisa juu ya binti yake Mghoi. Mghoi alitoroka na fundi wa reli, Mkamba wa Maungu, wakati wa palizi, bila kuaga, mama yake akiwa kitandani na homa. Wakio aliyasema yote: shamba lililoliwa na magugu, majirani waliocheka, siku tatu alizokaa bila mtu wa kumchotea maji. Hakuacha kitu. Mghoi alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili huko Maungu, na wazee walikuwa wamemwambia Wakio kwamba hasira yake ndiyo iliyolala juu ya tumbo la binti yake. Akaja kuitoa.

Kuitoa huko kunaitwa kutasa, na Wataita wanakujua, hata wale wanaojifanya hawakujui. Mtu mwenye hasira huyataja yanayomuuma, kisha huchukua maji au pombe ya miwa mdomoni na kuyapuliza nje, yakaenda hewani kama mvua nyembamba, na hasira ikaenda nayo. Katikati ya mpulizo na mpulizo husema maneno mema. Wakio alipuliza mara tatu. Aliyoyasema kati yake aliyasema kwa sauti ya chini, na Peris alirudia mara nne ndipo akayapata: moyo wangu upoe, Mghoi azae, anywe, ashibe, alale. Tangu mpulizo wa kwanza hadi neno la mwisho zilikuwa sekunde arobaini na moja.

Babake Peris alikuwa mwinjilisti. Nyumbani kwao neno kutasa halikutajwa mezani. Lilikuwa katika kapu moja na waganga na pango la mafuvu ya mababu. Peris aliiangalia ile orodha ya vitu saba. Kidole kilifika kwenye Sala kikasita, kwa kuwa aliisikia sauti ya babake nyuma ya kisogo. Akachagua Nyingine. Kompyuta ikamtaka aeleze kwa Kiswahili, kwa maneno yasiyozidi matatu. Akaandika: anatema mate.

Faili lilipofika kwa Munir, aliyaona maneno hayo na kukunja uso. Kwa watu waliomlea Munir, mama kumtemea mate binti yake ni tusi ambalo hata kulisikia ni dhambi, seuze kulitangaza dunia nzima na jina la mama wa watu juu yake. Munir ni mtu mwenye adabu. Akazikata zile sekunde arobaini na moja zote, akaunganisha ncha mbili, akaandika kwenye fomu kwamba kelele zimeondolewa. Faili likapakiwa Jumanne tarehe kumi na mbili Machi, na Mradi ukatuma barua pepe ya kuwapongeza kwa usafi wake.

Munir mwenyewe aliingia saa mbili na robo. Alimwamkia mgeni, "Shikamoo, mama," na kwa kuwa hakupata jibu alimimina maji kwenye glasi akampelekea. Wakio aliitazama glasi, akayaonyesha mashavu yake.

"Ni Wakio," Peris akasema. "Wa mia mbili na kumi na mbili. Ulimkatia wapi?"

"Pale anapotema mate."

"Hakuwa anatema mate, Munir. Alikuwa anatasa."

Alimweleza. Munir aliketi juu ya boksi la karatasi, glasi bado mkononi. "Na mbona hukuandika hivyo, dada?"

Peris aliinamia kompyuta yake. Munir akamgeukia Wakio. "Nisamehe, mama. Mie nilidhani nakusitiri."

Wakio alimtazama kwa muda, kisha akampigapiga begani mara mbili. Kuhusu maji alikuwa amekwama. Hakuweza kuyameza, kwa sababu ukiyameza maji ya kutasa umeirudisha hasira tumboni na huko haitatoka tena. Na hakuweza kuyapuliza, kwa sababu mpulizo wake ulikuwa umefutwa. Munir alileta beseni wajaribu hata hivyo. Wakio alisimama dirishani, akavuta pumzi, akakaza midomo. Kwa sekunde arobaini na moja hapakusikika chochote Voi. Mabati yalianguka chini kimya, pikipiki zikapita kimya, mtu wa mahindi akafungua mdomo kutangaza mahindi na hakikutoka kitu. Kisha kelele zikarudi mahali pake. Mashavu ya Wakio yalikuwa yamejaa vilevile, na beseni lilikuwa kavu.

"Basi turudishe kipande," Munir akasema. "Kazi ya dakika tano."

Ingekuwa kazi ya dakika tano kama kipande kingekuwepo. Kifungu cha tisa cha mkataba kiliwataka wafute nakala zote zilizobaki Voi siku saba baada ya kupakia, na Munir alikuwa amefuta, maana anasaini kitu akiwa amekisoma. Kanda zenyewe, baada ya kunakiliwa, zilikwishasafirishwa hadi chumba baridi cha ng'ambo kwa sababu, Mradi ulisema, Taita kuna joto na wadudu. Peris alijaribu angalau kufungua maandishi yake mwenyewe kwenye mtandao. Ukurasa ulimwambia kwamba taasisi yake haina idhini ya kuyasoma. Maneno ya Wakio, yaliyoandikwa na vidole vya Peris, juu ya meza ileile! Alibonyeza mara ya pili kwa hasira, na ukurasa ukamshukuru kwa kuvutiwa na Mradi.

Mratibu, Bwana Thadeus, aliingia saa nne. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa shati la mikono mirefu na kalamu mbili mfukoni, na mkataba wake ulikuwa unahuishwa kila baada ya miezi sita, jambo lililomfanya aogope hata simu ikilia. Alimsalimia Wakio kwa heshima zote, akamwandika kwenye kitabu cha wageni, na kwenye safu ya shughuli akaandika "marekebisho".

"Hii lazima ipitie kamati," akasema.

"Kamati ya nini, Mwalimu?" Peris akauliza. "Mwenyewe si huyu hapa?"

"Viwango ni viwango, Peris. Tukianza kubadilisha faili kwa sababu mtu amekuja, kesho watakuja wote."

Hata hivyo aliandika ombi kwa kamati ya Mradi kule ng'ambo. Jibu lilikuja Alhamisi. Kamati ilisema inathamini sana sauti za jamii. Ilisema kwamba kila aliyerekodiwa ana haki ya kuomba marekebisho, na kwamba kuwa hai au kutokuwa hai si kigezo. Kilichotakiwa ni kimoja: ombi litolewe na mhusika mwenyewe, kwa mdomo, ili programu ilinganishe sauti yake na ile iliyo kwenye rekodi.

Bwana Thadeus alisoma barua hiyo kwa sauti. Wakio aliisikiliza yote, mashavu yamejaa, akafumba macho.

Wiki hiyohiyo walifika Mghoi na mjukuu wake. Shanice, mwanafunzi wa mwaka wa nne wa historia katika chuo cha hapahapa, alikuwa amempeleka nyanya yake kila mahali tangu Machi na sasa alikuwa amebakiza hapa tu, baada ya jirani wa zamani wa Mbololo, aliyekuja kununua misumari chini, kumwona Wakio dirishani na kumtambua. Mghoi alikuwa na miaka sabini na mmoja. Alipanda ngazi kwa kushika ukuta. Ngozi yake ilikuwa imepasuka viganjani na midomoni, na alipoketi nguo zake zilitoa sauti ya majani makavu.

Tangu Jumanne ile ya Machi, maji yalikuwa hayamloweshi. Akinawa, yalimtelezea mikononi kama juu ya jani la mgomba na kuanguka chini yote. Akinywa, yalipita, na kiu ikabaki palepale. Hospitalini walimtundikia maji ya mshipa; chupa ilikaa siku mbili imejaa hadi shingoni, na muuguzi, mama mmoja mwenye huruma, akaandika tu kwamba mgonjwa hapokei. Mghoi hakulalamika. Alikuwa ameuza chai kwa madereva wa malori Maungu kwa miaka arobaini na alijua kungoja.

Mama na binti walitazamana. Mama alikuwa mdogo kuliko bintiye kwa miaka ishirini na sita. Mghoi alipiga magoti kwa shida, na Wakio akamshika mikono akaigeuza, akaangalia zile nyufa moja moja.

"Shosh amesema hivi," Shanice akamwambia Peris, akimwonyesha nyanya yake, "kwamba mamake aliitoa ile hasira zamani. Aliambiwa na wazee. Baada ya hapo ndio babangu Sylus akazaliwa. Sasa mbona imerudi?"

Mghoi aliinua uso. Alizungumza Kiswahili ili na Munir asikie. "Mimi sikuwepo siku hiyo. Nilikuwa Maungu. Nimeishi miaka yote kwa kuambiwa. Nataka kujua kwa mtu aliyesikia kwa masikio yake. Alitasa?"

"Alitasa," Peris akasema. "Nilisikia mara nne. Alisema moyo wake upoe. Alisema uzae. Alisema unywe, ushibe, ulale."

Machozi yalimtoka Mghoi, yakaanguka magotini bila kumlowesha shavu.

"Na wewe uliposikia hayo, mwanangu, uliandika nini?"

Peris angeweza kusema mengi: orodha, kompyuta, maneno matatu. Bwana Thadeus alikuwa amejifanya kupanga faili. Munir alikuwa anatazama sakafu.

"Niliandika anatema mate," Peris akasema.

Mghoi aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa mahali alipodondosha kitu. Hakumtukana. Ingekuwa afadhali amtukane. Peris alitoka akasimama kwenye ngazi, akalia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yake mwenyewe na juu ya mwinjilisti babake, na juu ya kila mtu aliyewahi kutunga orodha.

Waliporudi kwenye kazi walijaribu kila njia. Bwana Thadeus, ambaye tuseme ukweli alikuwa na moyo ila alikosa uti wa mgongo, aliweka simu karibu na mdomo wa Wakio na kurekodi dakika tatu za pumzi yake. Programu ikajibu kwamba sauti haijatambuliwa, mhusika azungumze kwa ufasaha. Peris aliandika kiapo kwamba aliyasikia maneno, akapigiwa muhuri na wakili. Kamati ikajibu kwamba kumbukumbu ya mnukuzi si chanzo. Munir aliandika barua ndefu akikiri kwamba kosa ni lake. Kamati ikamshukuru kwa uwazi na kumkumbusha kwamba kusafisha kelele ni moja ya majukumu yake.

Shanice aliomba asikilize hiyo rekodi, kwa kuwa tasnifu yake ilihusu kutasa. Chuo chake hakikuwa kwenye orodha ya vyuo vyenye ruhusa. Vilikuwepo vyuo vya nchi za barafu, vyenye watu ambao wakiona ramani ya Taita wanaulizana kama ni kisiwa.

"Hawa watu wanatuona mafala," Shanice akasema. "Yaani sauti ya mamake shosh wangu, na mimi ndio mgeni?"

"Punguza sauti," Bwana Thadeus akasema, "kuna kamera."

Mghoi alikuwa na wazo moja lake. Kama mama hawezi, yeye mwana atampulizia mama, hasira zitoke angalau upande mmoja, maana hata yeye alikuwa na zake. Hakuwa amewahi kuzisema. Alizisema siku hiyo, ameshikilia ukingo wa meza ya Munir: kwamba alipozika mtoto wa kwanza mamake hakuja, kwamba alipozika wa pili mamake hakuja, kwamba alituma salamu na mfanyakazi wa treni na salamu zikarudi. Wakio alisikiliza huku mabega yakitikisika. Kisha Mghoi akachukua maji mdomoni. Hayakukaa. Yalitoka pembeni mwa midomo yakamwagika kifuani, na kifua kikabaki kikavu. Alijaribu mara tano, hadi jagi likaisha, na Munir akapiga deki.

Mghoi alifariki Maungu tarehe nne Agosti, siku ya Jumapili, mchana, amelala upande wake wa kulia karibu na dirisha. Wanawake waliokuja kumwosha walitumia madumu manne na mwili haukupata unyevu, wakaufuta kwa mafuta wakauvalisha. Fundi wa reli alikuwa amekwisha kufa zamani, hivyo Sylus ndiye aliyetupa udongo wa kwanza. Peris na Munir walikwenda mazishini. Bwana Thadeus alituma ujumbe kwamba amebanwa na ripoti ya robo mwaka. Wakio alibaki ofisini. Hakuweza kutoka nje ya mlango, kwa kuwa, kama Munir alivyobaini kwa kumpima hatua zake, alikuwa anafika pale tu ambapo sauti ya rekodi yake iliwahi kusikika, yaani ndani ya chumba hicho.

Septemba kamati ilituma uamuzi wa mwisho. Ombi limekubaliwa kwa sehemu. Faili halitabadilishwa, lakini itaongezwa tanbihi kwenye ukurasa wa maelezo kwa wenye idhini ya kuusoma. Tanbihi ilisema: "Ubora wa rekodi hii umeimarishwa." Bwana Thadeus aliichapisha akaibandika ukutani, na mkataba wake ukahuishwa.

Mwezi huohuo makala ilitoka. Mwanazuoni mmoja wa ng'ambo, mtu aliyesifiwa na hakika mwenye bidii, alikuwa amezipitisha sauti za Mradi zilizokwisha kupakiwa kwenye chombo cha kompyuta kinachopima hisia, kisha akachora mistari ya rangi. Mstari mwekundu wa rekodi namba 212 ulipanda kwa dakika kumi na tisa na haukushuka. Alihitimisha kwamba wanawake wa vilima vya Taita hawakuwa na desturi ya kusamehe, na kwamba hasira kwao ilikwenda kaburini na mwenye nayo. Katika ukurasa wa kumi na nne aliandika kwamba mama wa rekodi hiyo anamlaani bintiye bila kutamka neno hata moja la heri, na kwamba hakuna ushahidi wa binti huyo kupata mtoto aliyeishi. Makala ilipewa tuzo. Peris alisoma dondoo zake kwenye simu, akaiweka simu kifudifudi, akaandika kanda namba 388 hadi saa sita. Tangu Julai alikuwa anaandika "kutasa" kila anapoisikia. Kompyuta iliikataa kila mara, ikaweka Kelele yenyewe.

Shanice alikuja Ijumaa ya mwisho ya Novemba. Tasnifu yake ilikuwa itumwe siku hiyo, saa kumi na moja jioni, na stima ilikuwa imepotea bwenini. Munir alimpa meza yake. Wakio alivuta kiti akaketi kando ya msichana, maana tangu msiba alikuwa amezoea kumkalia karibu kila anapofika.

"Umebakisha nini?" Peris akauliza.

"Sura ya tatu. Niliandika yote, Anti. Vile shosh alisema, vile wewe ulisikia, vile Munir alikata. Supavaiza amepiga mstari. Ameniambia maneno ya nyanya yangu si marejeleo. Nitoe, niweke kitu kimechapishwa, ama nirudie mwaka."

"Na kilichochapishwa ni kipi?"

"Si unajua."

Ilikuwa ndiyo hiyo makala moja, hakuna nyingine. Supavaiza alikuwa amemtumia ile nakala nzima, akaweka alama ya nyota kwenye ukurasa wa kumi na nne. Peris alisimama nyuma ya kiti. Alitaka kumwambia akatae. Akamfikiria Sylus, fundi wa mawe, aliyemsomesha binti huyu kwa mikono iliyopasuka, na mwaka mzima wa kurudia, akanyamaza.

Shanice alifuta kurasa tisa. Kisha akaandika, kwa lugha safi ya chuo, kwamba kwa mujibu wa utafiti wa hivi karibuni Wakio hakumsamehe binti yake hadi kifo. Akaandika kwamba binti huyo, Mghoi, hakuacha uzao. Wakio alikuwa anasoma kwenye kioo cha kompyuta kila herufi inapotokea. Alipofika kwenye neno hilo la mwisho aliweka kiganja chake juu ya mgongo wa msichana, akakiacha hapo.

Shanice alikuwa analia. Peris alimletea kitambaa. Machozi yalikuwa yanamdondoka moja baada ya jingine hadi kwenye vitufe vya kompyuta, na uso wake ulikuwa mkavu. Alijigusa shavu la kulia, akajigusa la kushoto, akaangalia vidole. Alipangusa vitufe ili visiharibike, akauliza jina la mwandishi wa makala linaandikwaje, akaliweka kwenye orodha ya marejeleo. Ilikuwa saa kumi na dakika hamsini. Akatuma.